Ncha za Sindano za Fundi Faradji

Fundi Faradji wa Gisenyi hakuwahi kunywa chai ya mtu bila kuinusa kwanza. Hata ya mkewe Saidati, aliyempikia kwa miaka ishirini na mitatu bila kumdhuru, aliipandisha puani, akaitazama kwa jicho moja, ndipo akanywa. Saidati alikwisha kuzoea. Majirani wakimuuliza kulikoni, alijibu kwamba mume wake alizaliwa na pua mbili, moja ya kupumulia na nyingine ya kushuku.

Msimcheke haraka. Baba yake alikuwa mshonaji pia, na mwaka mmoja, Faradji angali mdogo, mama fulani alileta kitenge kizuri alichonunua Goma. Aliporudi kuchukua gauni lake akapiga kelele kwamba kitambaa kimebadilishwa, hiki ni cha hali ya chini. Watu wakajaa barazani. Mzee akaapa kwa kila kiapo alichokijua, lakini kitambaa hakina mdomo wa kumtetea mtu. Kwa mwaka mzima mtaani wakamwita mla vitambaa. Tangu hapo kila kitambaa kilichoingia mkononi mwake alikitia uzi mmoja mwekundu ndani ya pindo, mahali ambapo mwenye kitambaa hawezi kuutafuta, na alipokufa alimwachia mwanawe cherehani, mkasi na siri hiyo.

Basi Faradji alikua akijua kwamba kitu kisicho na alama si chako. Halafu ikaja ile miaka ya tisini na saba na tisini na nane, risasi zikilia vilimani nyuma ya mji, ambapo mtu akikuuliza umelala wapi jana hakuwa anaulizia afya yako. Miaka hiyo mji mzima ulinusa chai. Faradji ndiye pekee aliyekuwa na uzoefu.

Mwanzoni mwa 1999 vilima vilianza kutulia, lakini biashara ya kushona ilikuwa bado imelala. Mpaka wa Goma leo uko wazi, kesho umefungwa. Nani angeshonesha suti? Ndipo Faradji akapata kazi ambayo hata katika ndoto hakuwahi kuiona. Aliajiriwa kutunza stoo ya mawe.

Kulikuwa na mradi wa kutafuta maji chini ya ardhi. Ulikodi ghala kuukuu mjini, ukaleta mashine ya kuchoronga miamba, ile inayoingia ardhini na kutoka na jiwe refu la mviringo, nene kama muwa. Shimo la kwanza lilichorongwa juu huko Nyakiriba, la pili pembezoni mwa mji, kwenye kiwanja kilichopakana na nyumba za wakubwa. Mradi ulikuwa na pampu moja tu. Mawe ya mashimo yote mawili yangepelekwa kupimwa ng'ambo, na pale ambapo jiwe lingekubali, ndipo pampu ingesimama.

Faradji alikuwa na sababu ya kutaka pampu hiyo iende Nyakiriba, na sababu yenyewe iliitwa Kaltumu. Alikuwa dada yake mkubwa, yaya wake kama wasemavyo huku, aliyemlea mama yao alipofariki. Aliolewa na Wellars, mkulima Mkatoliki wa upande wa Nyundo, akawa mjane, na sasa alikuwa amehamishiwa kwenye mudugudu wa Nyakiriba, nyumba mpya zilizopangwa mstari mmoja, mabati yakimetameta, na maji hakuna. Ardhi ya volkano ndivyo ilivyo. Mvua ikinyesha asubuhi, mchana huoni hata kidimbwi cha kumnywesha kuku. Kiangazi kikiingia, Kaltumu, na miaka yake sitini na nyonga yake mbovu, alishuka mara mbili kwa siku hadi mto Sebeya na kupanda tena na bidoni, dumu la maji, mgongoni. Mara mbili alikwisha kuanguka njiani. Faradji alipomtembelea Jumapili moja, dada yake alimuuliza swali moja tu.

"Wale watu wako watatupa maji ao watatupa maneno?"

Hata Faradji mwenyewe hakuwaamini watu wake. Hasa hakumwamini mkubwa wake, mhandisi Niyonzima. Huyu alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, amezaliwa na kukulia Tanzania, amerudi nchi ya wazazi wake baada ya vita. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka mno, na Faradji alikishuku nacho. Mtu anayesema tafadhali mara tatu katika asubuhi moja, alimwambia Saidati, ana kitu anachokificha.

Na mambo ya stoo yenyewe yalikuwa ya kutia shaka. Niyonzima alikuwa akikata kutoka kwenye yale mawe marefu vipande vidogo, kila kimoja sawa na kidole gumba. Alivikata peke yake, mlango umefungwa. Kisha akamkabidhi Faradji vipande vinane, vinne vya Nyakiriba na vinne vya mjini, na masharti juu yake. Vikae ndani ya maji wakati wote. Visiguswe na waya, msumari wala bati lenye kutu. Na masanduku ya kusafiria yasiwe na msumari hata mmoja, yaunganishwe kwa gundi na vigingi vya mbao. Mashine ya huko haipendi chuma, alisema, na kabla hajamaliza kueleza akaitwa nje kwenye gari, akaenda zake.

Faradji alibaki akivitazama vile vijiwe ndani ya ndoo. Jiwe liuogope msumari? Tangu lini? Jiwe lilivunja jembe la baba mkwe wake, na halikuomba radhi. Akafikiri kama fundi anavyofikiri, na jibu likamjia: sanduku lisilo na msumari hufunguka bila kelele na kufungwa bila kuacha alama. Aliyetaka sanduku la namna hiyo ana nia ya kulifungua njiani. Wiki hiyohiyo jirani mmoja aliyetoka Goma akamwambia kwamba upande wa pili watu walikuwa wakinunua mawe, mawe matupu yasiyo na sura, na wenye kuyauza walikuwa wakijenga nyumba. Hapo Faradji hakuhitaji kuambiwa zaidi. Mawe ya Nyakiriba yalikuwa na mali ndani yake. Yangebadilishwa njiani, kama kile kitenge, na huko ng'ambo yangefika mawe ya ovyo, yangekataa, na Kaltumu angeendelea kushuka Sebeya mpaka siku atakayoshindwa kupanda.

Angeweza kuuliza. Lakini kumuuliza mwizi kama ni mwizi ni kumpa nafasi ya kujitayarisha.

Sasa, mshonaji yeyote anayejiheshimu hatupi sindano iliyochakaa au kuvunjika. Watu hupita pekupeku, na laana ya mguu uliochomwa humrudia fundi. Faradji alizitunza kwenye kopo la zamani la dawa ya viatu. Mchana mmoja, Niyonzima akiwa safarini Nyundo, alichukua sindano nne za cherehani zilizochakaa, akazivunja kwa koleo moja baada ya nyingine. Mawe ya Nyakiriba yana vitundu vingi. Katika kila kipande akachagua kitundu kimoja, akaitia ncha ya sindano, akaisukuma kwa subana, kile kikofia cha kidoleni, hadi ikazama isionekane. Vipande vilivyobaki vya sindano akavifunga kila kimoja kwenye karatasi yake, akavitia katika kiberiti kitupu. Ncha na mwenzake hulingana pale vilipovunjika, na hakuna kingine duniani kitakacholingana. Niyonzima alikwisha kusema kwamba baada ya kupimwa mawe yatarudishwa. Basi yakirudi bila ncha, Faradji angemwaga kiberiti chake mbele ya kila mtu, na wezi wangekosa pa kuweka nyuso zao.

Vipande vya mjini hakuvigusa. Nani angeiba mawe ya mjini?

Masanduku yakaondoka mwezi wa tatu. Barua ikatangulia mawe, mwezi wa saba, vumbi la kiangazi limeshika kila kitu. Jiwe la mjini lilikuwa limekubali. La Nyakiriba lilikuwa limekataa.

Nitasema kweli: jambo la kwanza alilolihisi Faradji lilikuwa furaha. Ilikuwa furaha chafu, lakini ilikuwa furaha. Si alijua? Nusu saa nzima alitembea huku na huku ndani ya ghala akijipongeza kimoyomoyo. Kisha akakumbuka kwamba lazima mtu aende kumwambia Kaltumu.

Alikwenda Jumapili. Dada yake alisikiliza akiwa amekaa kizingitini, mguu mbovu ameunyoosha mbele. Hakulia wala hakulaani. Alimuuliza kama ni jambo lililokwisha kabisa, naye akajibu kwamba pampu itasimama mjini, karibu na wakubwa, kama alivyojua tangu mwanzo. Kaltumu akashika mlango, akajiinua, akachukua bidoni na kamba yake, akashuka njia ya mtoni bila kumwomba amsaidie. Faradji akabaki pale kizingitini, furaha yake yote imekwisha.

Jumatatu asubuhi aliingia ofisini kwa Niyonzima bila kubisha. Alitaka kujua mawe yatarudi lini. Alitaka, alisema, kuyaona kwa macho yake. Alitegemea mhandisi atababaika. Niyonzima alimvutia kiti. Uso wake ulikuwa umechoka.

Yeye mwenyewe, alisema, barua ile haimwingii akilini. Na kwa kuwa Faradji alikuwa ameketi, akamweleza hatimaye kile alichokiacha katikati siku ile ya gari. Mashine ya huko ilikuwa sumaku kubwa. Katika hospitali kubwa za Ulaya zipo za aina hiyo za kumlaza mgonjwa. Hii yao ilikuwa ya kulaza mawe. Ndani ya maji mna vitu vidogo kupita kiasi, ambavyo sumaku huvipanga vikatazama upande mmoja. Halafu mashine huvigutua kwa wimbi la redio, navyo huitikia, sauti ndogo ambayo sikio la mtu haliwezi kuisikia. Maji yaliyokaa katika tundu pana huitikia kwa muda mrefu. Maji yaliyobanwa katika tundu jembamba hunyamaza mara moja. Kwa hiyo mashine husikiliza tu, na bila kulipasua jiwe inajua lina maji kiasi gani, na kama maji hayo yatatoka ukiyavuta au yatang'ang'ania ndani.

"Kuna jiwe lenye maji tele na halitoi hata tone," alisema. "Kama tajiri bahili."

Faradji alielewa. Matajiri wa namna hiyo aliwashonea.

Niyonzima akaendelea. Barua ilisema mawe ya Nyakiriba yalinyamaza papo hapo, yote manne. Lakini hapa ghalani yeye aliyapima kwa mizani, makavu kisha yakiwa yamelowa, na yalikuwa yamekunywa maji vizuri, tena vitundu vyake vikubwa. Wataalamu wa huko walikisia kwamba ni chuma. Mawe ya volkano huwa na chuma chake, na chuma huivuruga sumaku; sauti hufa kabla haijasikika, na jiwe karimu huonekana bahili.

"Ila chuma cha mlima wetu si kingi hivyo," alisema Niyonzima. "Ndiyo maana nilikataza hata msumari. Sielewi, fundi. Kweli sielewi."

Faradji alishukuru, akainuka, akatoka. Alipita mlango wa ghala, akapita barabara ya ziwani bila kuliona ziwa, akafika nyumbani, akakaa mbele ya cherehani yake akiutazama ule mkono wa chuma na sindano iliyochomekwa chini yake. Mtu aliyekuwa amebadilisha kitambaa, akakiharibu kitambaa, alikuwa yeye.

Siku tatu hakula vizuri. Saidati alimwekea chai, ikapoa bila hata kunuswa, na hapo ndipo mkewe alipoogopa. Alipombana, akamwambia yote. Saidati hakumkemea, kwa sababu aliona upesi kile ambacho Faradji alikuwa amekiona. Mtu aliyeharibu kazi ya mradi wa serikali, katika mji huu, katika mwaka huu, ataulizwa nani amemtuma. Ana ndugu Goma. Ana kaka wa mkewe aliyevuka mwaka wa tisini na nne na hajasikika tena. Atasema ni uzi mwekundu wa baba yake, na nani ataamini? Yeye mwenyewe, kama angekuwa ndiye anayeuliza, asingeamini.

Akinyamaza, hakuna atakayejua kamwe. Mlima ungebeba lawama, na mlima hauendi jela. Ni Kaltumu tu atakayeendelea kushuka.

Siku ya nne, mchana, alirudi ofisini na kiberiti mfukoni. Safari hii alibisha. Akavipanga vile vipande vinne vya sindano mezani, mbele ya Niyonzima, kila kimoja juu ya karatasi yake.

"Shefu, ile chuma si ya mulima," alisema. "Iko ya mi. Ncha yazo niliingiza ndani ya mawe. Mawe yote ine."

Niyonzima alikitazama kipande kimoja, akakigeuza, akauona mvunjiko. Akainuka akafunga mlango, na Faradji alijua milango hufungwa kwa kazi gani. Lakini mhandisi alirudi kukaa. Akauliza kwa nini. Faradji akaeleza tangu kitenge cha Goma hadi sanduku lisilo na msumari, asiruke kitu, hata lile la Kiswahili kilichonyooka.

"Ungeniuliza tu," alisema Niyonzima.

"Kama ningekuuliza, ungenijibu. Na mi singeamini."

Nje, mtu alikuwa akijaribu kuwasha pikipiki, ikikataa, akijaribu tena. Kisha Niyonzima akasema jambo ambalo Faradji hakuwa amelitegemea hata kwa shaka zake zote. Kila kipande cha Nyakiriba alikuwa amekikata pacha. Kimoja aliweka stoo, cha pili alikwenda nacho chumbani kwake, na vyote vinne viko chini ya kitanda, ndani ya makopo ya maziwa ya unga yaliyojaa maji, tangu mwezi wa pili. Ndiyo maana alikuwa akifunga mlango. Barua ilipokuja hakuvituma, maana kama chuma ni cha mlima, navyo vingenyamaza vilevile.

Faradji akauliza kwa nini, ingawa alianza kuhisi.

"Una ndugu ng'ambo ya mpaka," alisema Niyonzima. "Unanusa chai yangu kila asubuhi. Unawauliza watu wote habari zangu, mimi huniulizi. Nikasema, siku moja mawe haya yatavuka kwenda Goma."

Faradji alijikuta amechukia. Alikuwa amekuja kukiri kosa la kumpeleka gerezani, na bado alichukia.

"Donc, kumbe hukuniamini," alisema.

Niyonzima akazitazama zile sindano nne mezani, halafu akamtazama yeye. Kicheko kikamponyoka, kikavu kama kikohozi, na Faradji naye, hajui vipi, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Walipomaliza walikuwa na aibu, kila mmoja akiangalia upande wake.

Mhandisi aliandika barua siku hiyohiyo. Aliandika kwamba vipande vya kwanza viliingiwa na chuma wakati wa kufungwa, kwamba kosa ni la ofisi yake, na kwamba anatuma vingine, pampu isubiri. Jina la mtu halikuwamo. Faradji aliisoma mara mbili, kisha, maana mazoea hayafi kwa siku moja, akamuuliza Niyonzima anataka nini badala yake.

"Nataka maji, fundi. Vifunge mwenyewe."

Akavifunga. Aliosha mikono kwa sabuni hadi viwiko, akavua pete, akaacha mkasi nyumbani, akakata plastiki kwa meno. Na Niyonzima akamwambia atie alama yake, lakini iwe uzi. Faradji akazungusha uzi mmoja mwekundu juu ya kila kifurushi, mahali pa kuonekana na kila mtu.

Miezi ya kungoja, kila Jumapili, na siku za katikati akipata nafasi, alipanda Nyakiriba akachukua bidoni ya Kaltumu akashuka nayo Sebeya. Alikuwa mtu wa kukaa kwenye cherehani; kilima kile kilimvunja mgongo, na watoto wa mudugudu walimhesabia mara anazopumzika. Dada yake alimtazama kwa mashaka. Ndugu yake hakuwahi kumchotea maji katika miaka hamsini. Alimuuliza ana nini, ameugua, ama anataka kuuza shamba la mama. Akajibu hana kitu.

Majibu yalikuja mwezi wa kumi. Jiwe la Nyakiriba lilikuwa limeitikia, na kuitikia kwa muda mrefu kuliko lile la mjini. Lina maji, na linatoa. Desemba, wiki chache kabla ya ule mwaka elfu mbili ambao watu walikuwa wakitishwa nao, pampu ya mkono ilisimama mwisho wa mstari wa nyumba za mudugudu, juu ya saruji yake, na watu wakapanga bidoni tangu alfajiri. Niyonzima alisimama kando, mikono mfukoni. Kaltumu, kwa umri wake na nyonga yake, akapewa kuwa wa kwanza.

Hapo, kabla dada yake hajagusa mpini, Faradji alimvuta pembeni akamwambia. Alimwambia kwa sauti ya chini, upesi upesi, habari ya sindano na mawe na ile miezi mitano aliyoshuka mtoni bure kwa sababu yake. Kaltumu alisikiliza kama alivyosikiliza siku ile kizingitini. Alikwenda kwenye pampu, akasukuma mpini mara nne, mara tano, ukakohoa, maji yakatoka, ya kijivu kwanza, halafu meupe. Akakinga kikombe cha bati kikajaa. Akamgeukia ndugu yake mbele ya watu wote.

"Kunywa we kwanza," alisema.

Mkono wa Faradji ulipanda na kikombe hadi puani, wenyewe tu, kama ulivyofanya maisha yake yote. Ukasimama hapo. Kaltumu alikuwa akimwangalia. Akakishusha hadi mdomoni bila kuvuta pumzi, akanywa yote mpaka chini. Yalikuwa baridi na yana ladha ya chuma kipya cha bomba.

Kaltumu akapokea kikombe, akakijaza tena. Akakiinua puani, akakinusa taratibu, akimtazama ndugu yake juu ya ukingo. Ndipo akanywa.